Grisi Isiyopungua

6 Machi

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekupa nafuu. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu huisikii vizuri, na jambo hili sitaki nilipigie kelele mpaka majirani zako walijue.

Jumanne, lori la taka namba saba lilikwaruza ukuta. Dereva ni mdogo wangu, mwanao. Usishtuke, yeye hana hata mchubuko. Aliyeumia ni mpakiaji wake, yule bwana mfupi wanayemwita Kipenga, kwa sababu yeye ndiye hupiga mluzi gari liondoke. Alikuwa amesimama kwenye kibao cha nyuma. Gari lilikunja kona ya uchochoro, likaendelea kukunja, na ubavu wa nyuma ukambana kwenye ukuta. Mguu wameukata chini ya goti.

Mdogo wangu anadai usukani ulikataa kurudi. Kamati ya uchunguzi ya kampuni inauliza kama pini za magurudumu ya mbele, zile yanazogeukia gari likikata kona, zilikuwa na grisi. Kama mkuu wa karakana nimewajibu kwamba magari yetu yote yana mfumo unaojipaka grisi wenyewe. Visanduku vya kuhesabia muda ni vipya, nilivinunua mwaka jana vile vya zamani vilipoanza kufa. Taa ya kijani inawaka kila dereva anapowasha gari. Tena grisi haipotei ovyo kama zamani. Tangi lililokuwa likijazwa kila mara, sasa linakaa na kukaa, hata halipungui.

Kamati wanataka neno la mtaalamu wa nje, na nusu ya mafundi wa mji huu umewafundisha wewe. Sikuombi useme lolote juu ya mdogo wangu. Eleza mfumo tu. Na kwa kuwa dereva ni mwanao, ukisema mfumo ulikuwa mzima hakuna atakayesema umependelea.

Binti yako,
Fundi Mkuu


11 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Mpe Kipenga pole yangu.

Nimeandika ukurasa mmoja na nimeuambatisha. Wanakamati ni watu wa ofisini, kwa hiyo nimekwenda nao polepole. Zamani, nimewaeleza, fundi alilala chini ya gari na bomba la mkono, akapiga grisi pini moja baada ya nyingine, na ile ya mbali akairuka kwa sababu mgongo ulimuuma. Mfumo huu hauna mgongo. Una tangi la grisi, pampu, mirija myembamba inayofika kwenye kila pini, na kisanduku kinachoamuru yote. Kisanduku kinahesabu muda wa pampu kupumzika, kwenu ni saa mbili. Muda ukitimia, kinaiamuru isukume grisi kwa dakika chache, kisha kinaanza kuhesabu upya. Uzuri wake ni kwamba pini hupata kidogo kidogo gari likiwa linatembea, nayo ikiwa inazunguka, grisi ikaenea pande zote. Kupaka nyingi mara moja kwa mwezi ni kama kumnywesha mtu maji ya wiki nzima Jumatatu asubuhi.

Mwishoni nimesema kwamba, kwa maelezo niliyopewa, mfumo wa namba saba ulikuwa ukifanya kazi, na sioni sababu ya usukani kukaza. Nimeongeza kuwa dereva ni mwanangu, ila pini haijui gari linaendeshwa na mtoto wa nani.

Hongera kwa hilo la tangi. Wengi wanaojaza grisi hadi ikamwagika barabarani hudhani ndiyo utunzaji. Wewe ulikuwa hivyo tangu darasani, unapima kabla ya kumwaga.

Mwambie mdogo wako aache kukata kona kama anafukuzwa.

Baba Mkubwa wako


29 Machi

Baba,

Shikamoo.

Nimefukuzwa kazi na leseni yangu wameiandikia ifungiwe. Nadhani umeshasikia kwa Dada, ila nimeona niseme mwenyewe.

Barua yako ilisomwa mbele ya watu wote. Mwenyekiti aliipenda, alirudia mara mbili ile ya pini na mtoto wa nani. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akaniambia, "Kijana, una baba mtu wa haki." Nikamjibu, "Ndiyo mzee, na mimi ndiye ninayeilipia."

Nilisema usukani ulikataa kurudi. Mmoja akauliza, "Umekataa? Ni punda?" Wakacheka. Nilisema niliripoti karakana kwamba unakaza, zaidi ya mara moja. Dada akasema hakumbuki. Mimi nakumbuka. Alinijibu mbele ya mafundi wake, "Kula ushibe, bwana, mwanamume mzima unashindwa na usukani?" Walicheka na wao. Siku hizi nachekesha kila mahali.

Umesikiliza habari za taa, umesikiliza habari za tangi. Mimi niliyekuwa nimeushika huo usukani hukuniuliza hata neno moja.

Kipenga ametoka hospitali. Kampuni imempa magongo mawili na barua ya pole. Barua ni nzuri, imegongwa muhuri.

Mwanao


4 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Maneno yako ni makali, nami sitayajibu kwa ukali.

Sikuandika lolote juu yako. Niliulizwa habari za mfumo, nikaeleza mfumo. Kama ningeanza kwa kukuuliza wewe, wangesema baba na mwana wamekaa wakapanga. Nilidhani kunyamaza juu yako ndiyo njia ya kukulinda. Na nikiwa mkweli, nilipokumbuka jinsi ulivyoacha chuo changu katikati ya mwaka ukakimbilia kuendesha, haikuniwia vigumu kuamini kwamba ulikata kona vibaya.

Lakini umesema usukani ulikuwa ukikaza siku nyingi. Gari halikazi usukani kwa mkupuo mmoja wa uzembe wa dereva. Hilo limeninyima raha. Basi nakuuliza sasa, ingawa nimechelewa. Niandikie siku yako moja ya kazi ilivyo, toka yadi hadi kurudi. Usinitetee jambo wala usinichagulie. Hata unaloliona la kipuuzi, liandike.

Baba yako


12 Aprili

Baba,

Siku yangu ya kazi. Haya, nilikuwa nayo, ngoja nikusimulie kama marehemu.

Tunatoka yadi alfajiri. Mpaka mtaa wa kwanza ni nusu saa hivi. Hapo nasimama, nazima gari. Kipenga na mwenzake wanapakia. Mluzi. Nawasha, nasogea nyumba nne, nasimama, nazima. Mluzi. Nawasha. Ni hivyo mpaka gari lijae, mkono unauma kwa kuzungusha funguo kuliko kwa usukani. Kisha jaani, kama dakika arobaini, tukifika kuna foleni, tunazima. Tukirudi ni yaleyale.

Usiniulize kwa nini nazima. Ni amri, imebandikwa mbele ya macho yangu: GARI LIKISIMAMA, INJINI IZIMWE. Dada aliileta mwaka jana. Wakazi walilalamikia moshi na kelele, na bosi alikuwa analia na bei ya dizeli. Dizeli ikapungua kweli. Dada akapigiwa makofi, akapewa cheti. Nami nilipiga makofi, usidhani nina kinyongo cha kuzaliwa.

La kipuuzi uliloomba ni hili. Kila nikiwasha, kile kitaa cha kijani cha grisi kinawaka kidogo halafu kinazimika. Kipenga akikiona anasema, "Bibi kashalambishwa," yaani gari limepata grisi. Kwa siku bibi alikuwa analambishwa mpaka tunamwonea huruma, meno yatamwoza.

Ndiyo hiyo. Imekusaidia?

Mwanao


15 Aprili

Binti yangu,

Nina swali moja, nalo linahitaji utangulizi, nivumilie.

Kisanduku cha kuhesabia muda hupata umeme kupitia swichi ya funguo. Dereva akizima gari, nacho kinazimika. Hapo ndipo visanduku hutofautiana. Kuna vinavyokumbuka. Kama kilikuwa kimehesabu saa moja na nusu, gari likiwashwa tena kinaendelea pale pale, bado nusu saa pampu isukume. Na kuna visivyokumbuka, kila gari likiwashwa vinaanza kuhesabu mwanzo, kama mtu anayehesabu punje akaitwa, akirudi anaanza na moja. Kwenye lori la safari ndefu hilo halina madhara. Likitembea kutwa bila kuzimwa, muda utatimia tu. Kwenye gari linalozimwa kila nyumba nne, saa mbili hazitimii asubuhi, wala jioni, wala mwaka mzima.

Taa ya kijani haikuambii kwamba grisi imesukumwa. Inakuambia kisanduku kimeamka. Wale maskini waliiona mara nyingi kwa siku wakadhani gari linashiba.

Na tangi. Uliniandikia kwamba halipungui, nami nikakupongeza. Tangi lisilopungua ni tangi lisilotumika. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeandika hivyo kwenye mtihani ningempigia kalamu nyekundu, nami nimeandika kwa mkono wangu nikaliita utunzaji.

Swali lenyewe ndilo hili. Visanduku ulivyonunua mwaka jana vinakumbuka, au havikumbuki? Na pini za namba saba, zilipofunguliwa, zilikuwaje?

Baba Mkubwa wako


2 Mei

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa kujibu, karakana ilikuwa na kazi nyingi.

Visanduku vyote nimevibadilisha. Vilivyomo sasa kwenye magari vinakumbuka. Zaidi ya hapo, kila gari limelazwa na kupigwa grisi kwa mkono, pini zote, hata zile za mbali. Hakuna gari letu barabarani leo lenye pini kavu. Unaweza kulala.

Pini za namba saba zilikwenda na vyuma chakavu. Ekseli ilikuwa imepinda, tulibadilisha kila kitu pamoja ili gari lirudi kazini.

Ulitufundisha darasani kwamba kwanza lisalimishe gari, ndipo umtafute mkosaji. La kwanza nimelifanya. La pili kamati ilishalifanya kabla sijapata barua yako.

Nina watu wengi chini yangu, Baba Mkubwa. Mwanamke wa kwanza kushika karakana hii ni mimi. Unajua wangapi wanangoja nijikwae? Mdogo wangu bado kijana, atapata gari jingine. Nimemsemea kwa rafiki yangu mwenye malori ya mchanga.

Binti yako,
Fundi Mkuu


6 Mei

Binti yangu,

Hukusema kwamba vile vya mwanzo vilikuwa havikumbuki. Umesema vya sasa vinakumbuka. Nimefundisha watu miaka mingi, najua mwanafunzi anapojibu swali la jirani.

La pili halikufanywa na kamati. Tumelifanya mimi na wewe, kamati iligonga muhuri tu.

Nisikilize. Uliletwa kwangu mdogo wangu alipofariki, unafika kiunoni mwa mama yako mkubwa, na sijawahi kukuita mtoto wa ndugu yangu. Sitaki ufukuzwe wala uaibishwe. Na kwa kweli, kosa lenyewe fundi mwema anaweza kulifanya. Amri ya kuzima injini ilikuwa nzuri. Kisanduku kilikuwa kizima, hakina ubovu. Vizuri viwili vilikutana vikakausha pini. Ungewaeleza hivyo, hata mimi ningesimama pembeni yako nikasema nilidanganyika vilevile, na kwa elimu kubwa zaidi.

Ilikuwa bahati mbaya mpaka siku uliyosoma swali langu. Ulipolisoma ukaenda kubadilisha visanduku kimya kimya, ikaacha kuwa bahati mbaya.

Andika aya moja. Waambie visanduku vilikuwa vya aina gani na amri ilikuwa ipi. Basi. Mdogo wako arudishiwe leseni, na Kipenga ajue mguu wake ulikwendaje. Amri ilikuwa yako na visanduku vilikuwa vyako; neno hili likitoka kwangu litakuwa neno la baba mtu.

Nangoja.

Baba Mkubwa wako


10 Juni

Mwanangu,

Nilingoja jibu la dada yako, sikulipata. Jana nikaenda kwenye kamati mwenyewe.

Nilibeba betri, swichi, pampu, na kisanduku cha aina ile isiyokumbuka nilichoazima chuoni. Nilikifunga mezani mbele yao. Muda wa kupumzika niliuweka mfupi kabisa, tusikae hapo mpaka jioni. Nikawasha, tukasubiri, injini ya pampu ikanguruma. Nikawaambia, hivi ndivyo gari linavyopata grisi. Kisha nikawaonyesha siku yako. Washa, zima. Washa, zima. Taa inawaka kila mara, pampu haingurumi. Nikamwomba mwenyekiti ajaribu mwenyewe. Alijaribu, akajaribu tena, akaniangalia. Nilidhani tumefika.

Akasema, "Mzee, tunakuheshimu sana. Mara ya kwanza ulipotuandikia ulikuwa mtaalamu. Leo umekuja kama mzazi."

Nikamwambia pini ni zile zile. Akasema anaelewa uchungu wangu, hata yeye ana watoto. Barua yangu ya kwanza, akasema, ilikuwa na uzito kwa sababu ilikwenda kinyume na damu yangu. Hii ya leo nani ataiamini? Mwenzake akaongeza kwa upole kabisa kwamba mzee akifika umri wangu moyo huongoza ulimi.

Dada yako alikuwepo. Wakamuuliza kama visanduku vya kampuni ni vya aina niliyoileta. Akajibu, "Visanduku vilivyomo kwenye magari yetu vinakumbuka." Hakusema uongo. Akatazama kisanduku changu pale mezani, hakunitazama mimi. Aliponipita mlangoni alinishika mkono ili nisijikwae kwenye ngazi, kama anavyofanya siku zote, nami nikaukubali, kwa sababu ngazi zilikuwa mbovu.

Faili limefungwa. Ndani yake umebaki ule ukurasa wangu wa kwanza, ule uliopendwa.

Hilo gari la mchanga alilokutafutia, usilikubali kama hutaki. Njoo nyumbani. Nataka kukueleza kwa mdomo jinsi nilivyokosea, kwa mpangilio, tangu mwanzo.

Baba yako


20 Juni

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nimepewa kusimamia karakana zote tatu za kampuni. Nimeona ulisikie kwangu kabla ya kwingine.

Naomba tusiandikiane tena mambo ya kazi. Hali yako nitaipata kwa dada yako, Shangazi.

Binti yako


1 Julai

Baba,

Shikamoo.

Sitakuja. Usinielewe vibaya, sijakususa. Maelezo nimeyapata, na nimeyaelewa. Ulieleza vizuri, kama kawaida yako. Ila nikikaa mbele yako ukaanza na "kwanza," nitainuka.

La mchanga nimelikataa. Hakuna leseni, na hata ningekuwa nayo ningekuwa nauliza usukani kila kona. Nasaidia kupakia mizigo ghala moja la saruji. Kazi ya kupakia ndiyo hiyo hiyo aliyokuwa akiifanya Kipenga, tofauti mimi nina miguu yote.

Nakwenda kwake kila nikipata nafasi. Hajawahi kunilaumu, na ni afadhali angenilaumu. Ana swali moja tu, kila nikienda ananiuliza. "Bwana, sasa kama taa ilikuwa inawaka, bibi alikuwa halambishwi?" Nikianza kumjibu nafika katikati, hasira zinanipanda, nanyamaza. Juzi akaniambia, "Inaelekea na wewe hujui."

Nikamwambia anayejua ni baba yangu, na anapenda kueleza. Amefurahi. Anakuja kwako Jumamosi, mkewe atamsindikiza mpaka mlangoni. Barua yako iliyosomwa mbele ya kamati anaijua, aliambiwa imeandikwa na mtaalamu mkubwa. Nani aliyeiandika hajui. Hilo nimekuachia wewe.

Usimchoree wala usimwandikie, hasomi vizuri. Mweleze kwa mdomo, polepole, mpaka aelewe. Na umwekee kiti kirefu. Kwenye kile chako cha chini hawezi kuinuka.

Mwanao